Niligusa Barafu Ugenini

Mimi nilizaliwa chini ya mlima wenye barafu, nami nikafikia umri wa miaka thelathini na mitano bila kuigusa barafu yake. Kwetu ni karibu na Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Asubuhi ya anga safi, kabla mawingu hayajapanda, vilele vya Batian na Nelion huonekana wazi kutoka mlangoni pa nyumba yetu, na mama alikuwa na desturi ya kuutazama mlima kwanza ili ajue kama siku ile ataanika mahindi au la. Hata hivyo barafu ya kwanza niliyoitia mkononi mwangu ilikuwa ya nchi ya Italia. Nataka kuwasimulia jinsi jambo hilo lilivyotukia, pamoja na habari za nchi ile, maana najua wakulima watapenda kusikia habari za ng'ombe wa huko, na makarani wenzangu watataka kujua kama safari ya namna hiyo yastahili gharama yake.

Kwanza sina budi kumtaja baba yangu. Alikuwa mpagazi wa mlimani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni, yaani mahema, vyakula na mafuta ya taa, kutoka lango la hifadhi mpaka kituo kiitwacho Met Station, kilicho kwenye mita 3,050. Na kesho yake kuupanda ule mwinuko wa matope ambao wageni wameuita kinamasi kisimamacho wima, mpaka kambi ya Mackinder katika bonde la Teleki, karibu mita 4,200. Shamba letu lilikuwa dogo, na ng'ombe wetu walikuwa wawili tu. Kwa hiyo naweza kusema bila kuongeza chumvi ya kwamba ada yangu ya shule ilipanda na kushuka mlima ule mgongoni mwa baba.

Jioni alipokuwa nyumbani alitusimulia habari za huko juu. Alisema kila barafu ina jina lake, akatutajia moja baada ya nyingine kama mtu anayetaja ng'ombe wa jirani zake. Mbili kati ya hizo alizitamka Sesa na Yosefu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili, niliamini kabisa kuwa hao ni Kaisari wa Rumi na Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake. Nilimwuliza mwalimu wetu ni kwa nini Kaisari amepewa barafu katika mlima wetu. Alicheka mpaka akavua miwani yake, nami sikuuliza tena.

Sasa nitasema jambo ambalo sikupata kumwambia mtu. Nilipokuwa katika kidato cha pili, katika shule ya misheni ya bweni, baba alikuja siku ya wazazi akitoka moja kwa moja mlimani. Alivaa koti lililonuka moshi na mafuta ya taa, na viatu vya kupandia mlima alivyopewa na mgeni mmoja, vikubwa kuliko miguu yake, hata ikambidi azungushe kamba zake mara mbili juu ya vifundo. Wazazi wengine walivaa suti. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Yule ni nani?" Nami nikajibu, "Ni mtu wa jirani aliyetumwa na baba." Nilipogeuka nilimwona amesimama nyuma yangu, hatua tatu hivi. Hakusema neno. Aliinama akazikaza kamba za viatu vyake, kisha akanipa mkate na stakabadhi ya ada, akaniamkua kwa heshima kama mtu wa jirani kweli, akaenda zake. Tangu siku ile hakulitaja jambo hilo, wala mimi sikulitaja.

Basi, mwezi wa Julai mwaka 2023 ofisi yetu ilinichagua kwenda Turin, Italia, kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali, katika Chuo cha Kimataifa cha Mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani, ambacho kilianzishwa mwaka 1964 kando ya mto Po. Jumamosi ya pili watu kumi tuliafikiana kuchanga fedha ili tukaone milima ya Alpi. Miongoni mwetu alikuwamo dada mmoja Mganda ambaye kwao ni Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, na ndugu mmoja Mtanzania wa Moshi. Mtu wa Moshi, kama mjuavyo, akisikia neno mlima huona ametajwa yeye. Njia nzima alitukumbusha kuwa Kilimanjaro ina mita 5,895, na ya kwamba huko tuendako hakuna kilele hata kimoja kinachofika mita 5,000. Hilo ni kweli, maana Mont Blanc yenyewe, ambayo ndiyo kubwa kuliko milima yote ya Alpi, ina mita 4,800 na kidogo.

Safari ya basi ni ya saa mbili hivi. Mara bonde linakuwa jembamba, na milima inasimama pande zote mbili kama kuta. Ndilo bonde la Aosta, ambalo watu wake hutumia Kiitaliano na Kifaransa, zote mbili zikiwa lugha za serikali. Pale Bard tuliona ngome kubwa juu ya mwamba. Mwaka 1800 askari wachache waliokuwa ndani yake walilichelewesha jeshi la Napoleon kwa muda wa karibu wiki mbili. Kisha tukapita mji wa Aosta wenyewe, uliojengwa na Warumi mwaka wa 25 kabla ya Kristo na kupewa jina la Kaisari Augusto. Nilicheka peke yangu nikimkumbuka mwalimu wa shule ya Jumapili: hapa Kaisari alikuwako kweli.

Jambo lililonipendeza zaidi katika bonde lile ni mashamba. Ni madogo kama yetu, tena yako mahali penye miteremko ambapo mtu wa kwetu angefikiri mara mbili kumfunga mbuzi. Majani ya ng'ombe hukatwa na kukaushwa wakati wa kiangazi ili yawe akiba ya miezi ya baridi, kwa kuwa kwa miezi mingi wanyama hukaa zizini bila kutoka. Na ubavuni mwa milima ipo mifereji ya maji iitwayo ru, ambayo mingi ilichimbwa zamani sana, miaka mia tano au mia saba iliyopita, ili kuyaleta maji ya barafu na theluji mpaka mashambani. Nilifikiri juu ya ugomvi wetu wa mifereji kila mwezi wa Februari, nikatamani wazee wetu wa kamati ya maji wangekuwa ndani ya basi lile.

Mwisho wa njia ni mji mdogo uitwao Courmayeur. Siku hizi mgeni hapandi kwa miguu asipotaka. Lipo gari la hewani linalovutwa juu ya kamba nene za chuma, nalo lilifunguliwa mwaka 2015. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi euro 50, na wakati ule euro moja ilikuwa zaidi ya shilingi 150 za kwetu. Yaani unampanda mbuzi mzima kwa muda usiofika nusu saa. Nilisita dirishani pa tikiti, sikatai. Dada wa Kasese akaniambia, "Ndugu yangu, kuja mpaka hapa na kurudi bila kupanda ni kama kwenda arusini ukakaa nje na walinzi." Nikalipa.

Gari lenyewe ni chumba cha duara chenye vioo pande zote, nacho huzunguka polepole kinapopanda, ili kila mtu aone kila upande bila kusukumana. Kituo cha chini kiko kwenye mita 1,300, yaani chini kuliko Nairobi. Misonobari ikapita chini yetu, kisha majani mafupi, kisha mawe matupu. Tulibadili gari katika kituo cha kati kiitwacho Pavillon, kwenye mita 2,173, ambako ipo bustani ya mimea ya milimani, kisha tukapanda tena mpaka Punta Helbronner, mita 3,466. Mtu wa Moshi alikuwa amenyamaza. Alikishika chuma cha kujishikilia kwa mikono miwili, akafumba macho, na tangu hapo sikumsikia tena akitaja mita za Kilimanjaro.

Huko juu kuna baraza ya duara iliyo wazi. Tulipotoka, upepo ulitupiga kama kibao. Mbele yetu ilikuwa Mont Blanc, nyeupe tupu, karibu hata nikadhani naweza kuirushia jiwe. Upande mwingine lilisimama jiwe refu liitwalo Jino la Jitu, lenye mita 4,013, na mbali zaidi tulionyeshwa Matterhorn na Monte Rosa, zikiwa zimejipanga mpakani mwa Uswisi. Chini ya baraza ulikuwako mto wa barafu. Nauita mto kwa sababu kwa hakika huenda; theluji ya miaka mingi hushindiliwa ikawa barafu, na barafu kwa uzito wake huteremka polepole, ikipasuka nyufa ambazo mtu akitumbukia ni shida kumtoa. Juu ya mto ule niliona vidoa vyeusi vinavyotembea kwa mstari. Walikuwa watu, wanne wanne, wamefungana kwa kamba moja, ili mmoja akianguka wenziwe wamshike.

Jambo moja lilinishangaza mimi mtu wa Naro Moru. Mahali pale pamezidi Met Station ya kwetu kwa mita 400 tu na kidogo. Huko kwetu, kwa kimo kile, kuna majani, matope, na ile mimea mikubwa ya lobelia inayosimama kama wazee wamejifunika blanketi. Barafu huanza juu sana. Huku ni barafu tupu mwezi wa Julai! Sababu ni kuwa sisi tuko kwenye Ikweta, nao wako mbali kaskazini.

Kutoka kileleni kuna lifti na njia ya chini kwa chini inayokwenda mpaka nyumba ya wapanda mlima iitwayo Rifugio Torino, mita 3,375. Pembeni mwa nyumba ile theluji ilikuwa imelala mpaka karibu na mlango. Niliinama, nikafukua kwa vidole mpaka nikaifikia barafu ngumu iliyo chini. Nikaibandika kiganja changu. Kwa muda mfupi iliunguza kama moto, kisha mkono ukafa ganzi. Wenzangu walikuwa wakipigana picha. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba mtu aliyenilisha na kunisomesha aliijua baridi hii mikononi mwake kila wiki, nami nimevuka bahari ili niijue.

Tukaingia kula. Hapa wasomaji wengi watacheka, kwa maana chakula cha mlimani cha watu wale ni ugali! Wao huuita polenta. Ni ugali wa mahindi ya manjano, mlaini kuliko wetu, nao huuchanganya na siagi na jibini mpaka unavutika kama utomvu. Pembeni waliweka mchuzi wa nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu kwa saa nyingi. Dada wa Kasese alisema ungepata ndizi ungekuwa kamili. Mtu wa Moshi, ambaye rangi ya uso wake ilikuwa imeanza kurudi, aliunga mkono hoja ile. Mimi niliona haya kidogo, maana kwetu mahindi ya manjano yamebaki katika kumbukumbu za wazee kuwa chakula cha msaada cha njaa ya mwaka 1984. Kumbe wenzetu huyatia mezani kwa mgeni wa heshima.

Jibini yao huitwa fontina. Wafugaji, sikilizeni: maziwa yake hayachemshwi kwanza, hugandishwa yangali mabichi mara baada ya kukamuliwa, na kila jibini, yenye uzito wa kilo nane mpaka kumi na mbili, hukaa ghalani karibu miezi mitatu kabla haijauzwa. Mwezi wa Juni ng'ombe hupandishwa malishoni juu ya milima, nao hushuka mwishoni mwa Septemba wakiwa wamevikwa kengele na maua. Tena, ng'ombe majike wa huko hupiganishwa! Hawapiganishwi madume kama kwa ndugu zetu wa Kakamega, bali majike wenye mimba, nao husukumana kwa vichwa mpaka mmoja akubali kushindwa akageuka. Damu haimwagiki, na mshindi wa mwisho, katika mashindano ya Oktoba mjini Aosta, huitwa malkia. Niliwauliza kama maziwa hayapungui kwa kazi hiyo. Walinitazama kama mtu aliyeuliza kama mchezo wa mpira hauharibu viatu.

Meza ya jirani alikuwapo mzee mmoja mwenye uso uliokaushwa na jua, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Alipomsikia binti wa Turin aliyetuongoza akitaja Kenya, aligeuka akasema kwa nguvu, "Nanyuki!" Nilistaajabu. Kumbe Waitaliano wengi wanaopenda milima huijua Nanyuki kwa ajili ya mfungwa wa vita Felice Benuzzi, aliyetoroka kambini huko mwaka 1943 pamoja na wenzake wawili, wakapanda mlima wetu kwa vifaa walivyovitengeneza wenyewe, wakasimika bendera yao kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao wakatiwa kizuizini. Binti akatutafsiria maneno ya mzee, naye akaniuliza swali lililokuwa likinisubiri tangu Turin: "Nawe umeupanda?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema kazi nyingi, ningesema gharama. Badala yake nilisikia kinywa changu kikisema, "Mimi bado. Lakini baba yangu ameupanda mara nyingi. Alikuwa mpagazi."

Mzee aliondoka kitini mwake, akanipa mkono, akauliza jina la baba. Nikalitaja. Alijaribu kulitamka mara mbili, akashindwa, akaandika kwenye kipande cha karatasi kama nilivyomtajia herufi. Halafu akaniuliza kama najua ni watu gani wa bonde lile waliofika kwetu. Akawataja: César Ollier na Joseph Brocherel, wote wawili wa Courmayeur.

Ndugu wasomaji, kijiko kilinianguka. Sesa na Yosefu!

Mzee alieleza, nami baadaye nimeyasoma hayo hayo vitabuni. Mwaka 1899 Mwingereza mmoja, Halford Mackinder, alikuja kuupanda Mlima Kenya, akawaleta watu hao wawili kwa sababu walizoea barafu. Ollier alikuja kama kiongozi, na Brocherel kama mpagazi wake. Tarehe 13 Septemba mwaka ule hao watatu walifika Batian, mita 5,199, wa kwanza kabisa katika habari zilizoandikwa. Mackinder ndiye aliyevipa vilele vile majina ya walaiboni wa Kimasai, nazo barafu mbili zikaitwa kwa majina ya wale watu wa Courmayeur. Mwaka 1906 Ollier na Brocherel walirudi tena Afrika pamoja na Mtawala wa Abruzzi, wakapanda vilele vya Ruwenzori. Dada wa Kasese aliposikia hivyo alipiga makofi, akasema hao basi ni wakwe zetu sote wawili.

Tuliposhuka Courmayeur tulikwenda kuiangalia nyumba ya viongozi wa mlima, iliyo mbele ya kanisa katikati ya mji. Chama chao kilianza mwaka 1850, nacho ndicho cha zamani kuliko vyote vya namna hiyo katika Italia. Ndani yake pana jumba la kumbukumbu lenye kamba za zamani, mashoka ya barafu, viatu vyenye misumari, na picha za watu wenye masharubu wanaotazama mbele bila kucheka. Wengi wa viongozi wa zamani katika milima ya Alpi walikuwa wakulima na wachungaji waliotafuta fedha ya ziada wakati wa kiangazi. Nilisimama mbele ya kabati moja yenye viatu vikuukuu, vikubwa, vilivyopinda mbele. Vimewekwa ndani ya kioo, na taa inaviangaza. Nilikaa pale mpaka binti wa Turin akaja kuniita.

Mimi ni karani wa kumbukumbu, na kazi yangu ni majina na majalada. Msafara wa Mackinder ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia moja, Waswahili na Wakikuyu, waliobeba vyakula na mahema mpaka chini ya barafu. Ramani za mlima wetu zina Ollier na Brocherel kwa majina yao ya ubatizo. Wapagazi wale hawamo. Siwalaumu watu wa Courmayeur, maana wao walitunza majalada yao. Sisi ya kwetu tumeyatunza wapi? Twamjua Kisoi Munyao aliyeipandisha bendera yetu Lenana wakati wa Uhuru mwaka 1963, na ni vema. Lakini mimi mwenyewe, ninayelipwa mshahara ili nisipoteze karatasi, nilikuwa na mpagazi ndani ya nyumba nikamwita mtu wa jirani.

Na jambo jingine alilolisema mzee yule lilinikaa moyoni. Alituonyesha kwa kidole upande wa bonde la Ferret, ambako barafu iitwayo Planpincieux inaning'inia juu ya nyumba za watu. Mwaka 2019 wenye mamlaka walifunga barabara, na mwaka 2020 wakahamisha wakaaji na wageni kwa siku kadhaa, wakiogopa kipande kikubwa kisikatike kikawaangukia, kwa sababu ya joto. Kwetu hakuna barafu ya kumwangukia mtu, inakwisha kimya kimya. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipimwa na wataalamu ikaonekana kuwa kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu za milima ya urithi wa dunia katika Afrika, pamoja na zetu, huenda zikatoweka zote kufikia mwaka 2050. Ni kweli kwamba mito yetu hupata maji yake mengi kwa mvua na msitu. Lakini Yosefu na Sesa watakuwa majina ya mawe matupu.

Nikiwa bado mbele ya kanisa nilimpigia simu mama, nikaomba nizungumze na baba.

"Baba, leo nimegusa barafu."

"Wapi?"

"Huku Italia."

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Juu nyeupe, ndani kama samawati kidogo."

"Hiyo ya samawati ndiyo ya zamani," alisema. "Ile nyeupe ni ya juzi tu."

Nikamweleza juu ya Ollier na Brocherel. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Huyo Yosefu, umesema alikuwa mpagazi?"

"Ndiyo, baba. Mpagazi."

Simu ilikaa kimya hata nikadhani imekatika. Kisha nikamsikia akimwambia mama kwa Kikuyu, kwa sauti ya furaha ambayo sikuisikia siku nyingi, ya kwamba Yosefu alikuwa mpagazi.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea kipande cha fontina. Alikinusa, akauliza ni nani aliyeniuzia kitu kilichooza, akakila chote. Usiku ule nilianza kusema habari za siku ya wazazi, miaka ile ya shule. Sikufika mbali. Alikuwa akiuchochea moto, akasema bila kunitazama, "Viatu vile vilikuwa vikubwa mno. Hata mimi nilivionea haya." Halafu akaniuliza kama nina soksi za sufu, maana mpaka wa kupanda bila mvua ni mwezi wa Februari, na kijana wa jirani yetu, ambaye ni mpagazi siku hizi, anaweza kunipeleka mpaka mahali ambapo Sesa na Yosefu huonekana, kama bado wapo. Yeye mwenyewe atafika langoni tu, kwa sababu ya magoti. Alinitajia vitu vya kununua, nami nikaviandika kwa taratibu: soksi jozi tatu, kofia ya sufu, koti la mvua, tochi, unga, majani ya chai, sukari ya kutosha wapagazi wawili.

Barua yangu ya kuomba likizo ya siku kumi iko mezani pa mkubwa wangu.